Mvua ya Mzee Rehani

Mwezi Machi mwaka 1997 mvua ilinyesha kila siku Kwemkumbi. Ndivyo kadi ilivyosema, na ndivyo nilivyoandika.

Kazi yangu katika ofisi ya kilimo pale Handeni ilikuwa kujumlisha. Kadi za mvua zilitujia kutoka kwenye vituo vichache vilivyobaki, maana vingi vilikuwa vimekufa wakati watumishi walipopunguzwa. Nilijumlisha siku zote za mwezi, nikaandika jumla kwenye daftari kubwa, nikalipeleka kwa mkuu wangu, Bwana Mustafa. Miaka mingine hakuna aliyelifungua tena daftari lile. Mwaka ule lilifunguliwa. Vuli ilikuwa imekosa kabisa, masika haijaonekana, na mahindi yaliyovunwa kabla ya hapo yalikwishaondoka na malori ya wafanyabiashara, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa huru kununua na kuuza anapotaka. Halmashauri ilipata mahindi ya msaada na mbegu ya mtama, lakini havikutosha vijiji vyote.

Zamani chakula cha namna hiyo kilikwenda kwa diwani mwenye sauti kubwa. Bwana Mustafa alisimama mbele ya kamati ya maafa akasema kwamba hali ya hewa inabadilika na sisi tubadilike: safari hii tutagawa kwa kipimo. Kijiji kilichopata chini ya milimita sitini mwezi Machi kipewe, kilichozidi kisubiri. Madiwani walinung'unika, kisha wakakubali. Mimi nilikaa pembeni nikiandika kumbukumbu, nikimwona mkuu wangu kuwa mtu wa haki. Hata leo namwona hivyo.

Kwemkumbi, kijiji kidogo ng'ambo ya Sindeni, kilikuwa na milimita mia moja na ishirini. Kikatoka kwenye orodha.

Sina budi kusema kwamba niliona. Kadi ile haikufanana na nyingine. Nne, nne, tatu na nusu, nne, nne. Hakukuwa na siku kavu hata moja, wala siku moja ya mvua kubwa. Mwandiko ulikuwa wa kutulia, kama wa mtoto anayeogopa kuchafua daftari. Kalamu yangu ilisimama pale kwa muda. Lakini nilikuwa na miezi saba tu tangu nitoke chuoni, watu wote katika kamati walikuwa wakubwa wangu, na mimi nikitakiwa kusema mbele ya watu sauti hunikwama kooni. Nikajumlisha, nikapiga mstari chini yake.

Wiki tatu baadaye, siku ya Ijumaa, mzee mmoja wa Kimaasai aliingia ofisini akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliitwa Parsaoti Leboo, na boma lake lilikuwa pembeni mwa Kwemkumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye bibi shamba unayeandika mvua?"

"Ndiyo mimi."

"Basi nimekuja unionyeshe inaponyeshea. Ng'ombe wangu wameitafuta wamechoka."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka.

"Tumeambiwa hatupewi mahindi kwa sababu tumelowa," akaendelea. "Nitazame. Nimelowa mimi? Labda inanyesha ndani ya lile kopo la kupimia mvua la marehemu Rehani peke yake, sisi wengine tumekaa nje ya kopo."

Bwana Mustafa alitoka chumbani kwake akaiomba kadi. Aliisoma siku baada ya siku, kidole chake kikishuka polepole. Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti, "Grasiana, hii uliiona?"

"Niliiona."

"Na ukanyamaza."

Angenikaripia ningepata nafuu.

"Orodha imekwishapitishwa," alisema. "Siwezi kuongeza kijiji kwa maneno ya benchini, kesho kila diwani atakuja na lake. Lakini kamati imeniachia nafasi ya kukagua. Lori linaondoka Jumatatu alfajiri. Saa tatu kamili, saa ya kusoma kipimo, nitakuwa Kwemkumbi nione kwa macho yangu. Kopo likiwa kavu, nashusha magunia. Likiwa na maji, lori linakwenda kijiji cha Kwamsisi, na sitaweza kulirudisha. Wewe tangulia. Kaujue ukweli wa jambo hili."

Jumamosi nilishuka gari Sindeni na mzee Parsaoti, tukatembea. Njiani alizungumza mwanzo, halafu akaacha. Nyumba za Kwemkumbi zilianza kuonekana, na milango mingi ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mkonge, fundo juu ya fundo. Hakuna kuku, hakuna moshi. Mbele ya nyumba moja kulikuwa na kinu kimelazwa ubavu, na ndani yake buibui alikuwa ametanda.

"Wako wapi?"

"Ngombezi. Wamekwenda kukata mkonge, wake kwa waume. Hapa ni kwa Lukasi. Pale kwa Yordani. Yule aliacha mama yake mzazi akisema atamrudia, akachelewa siku mbili."

Sikumuuliza zaidi. Mimi nilizaliwa Ngombezi, kwenye kambi za mkonge, na nilijua watu wa namna hiyo walivyofika kwetu, wakiwa na kamba hiyohiyo wamefungia mizigo. Sasa nilikuwa nimesimama kwenye milango waliyoiacha, na nilijua kwamba mstari niliopiga chini ya jumla yangu ulikuwa umechangia kuifunga.

Tulipokewa na Munira, binti wa marehemu Rehani. Baba yake alisoma kipima mvua kwa miaka ishirini na miwili, na hata alipopunguzwa kazini aliendelea bila kuulizwa na mtu. Alifariki mwezi wa kumi, na Munira akaishika kalamu. Kipima mvua kilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa miiba: kopo refu la bati lililochimbiwa chini, faneli juu yake, na ndani chupa ya kukingia maji. Kazi ya Munira ilikuwa kuinua faneli kila saa tatu asubuhi, kuyamimina maji kwenye kioo chenye mistari, na kuandika.

"Munira, mvua hii uliiona ikinyesha?"

"Sikuiona."

"Sasa uliandikaje?"

"Niliyakuta maji." Alikuwa akisokota ncha ya kanga yake. "Baba alinifundisha, andika kilichomo kwenye kioo. Usiandike ulichokiona angani, wala ulichokitamani. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuandika mvua kwa sababu niliona mawingu, akanipiga kofi. Ndilo kofi pekee alilonipiga maishani."

"Hukujiuliza yanatoka wapi?"

Alitazama upande wa jikoni, alikokuwa mama yake, kisha akashusha sauti. "Nilijiuliza, dada. Yalianza asubuhi ya pili baada ya arobaini ya baba. Kila siku kiasi kilekile. Nikadhani ni yeye. Sikumwambia mama, nilihofu atalia upya."

Nilikumbuka kwamba kadi ya Novemba, ya Desemba na zote zilizofuata zilipita mikononi mwangu.

Asubuhi ya Jumapili niliamka kukiwa kumepambazuka. Kupitia dirisha la nyuma nilimwona Bi Mwaija, mjane wa Rehani, akitoka jikoni. Alikuwa mwembamba, amejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, na alishika kwa mikono miwili kikombe kidogo cha kahawa, akitembea taratibu kama mtu aliyebeba kaa la moto. Maji ya nyumba ile yalichotwa mwendo wa saa mbili. Aliingia kwenye ua wa miiba, akainama, akamimina maji ndani ya faneli. Kisha akapangusa ukingo wake kwa kanga.

Nilimsubiri jikoni. Nilipomwamkia aliitikia, halafu akaona macho yangu yalipo, kwenye kikombe.

"Umeniona," alisema.

"Nimekuona, bibi."

Alikaa kwenye kigoda. Alisema bila haraka, na kila mara alikuwa akitazama kwenye ule ua.

"Huja saa tatu. Siku zote alikuwa akija saa tatu. Mimi nikiwa hapa kwenye mafiga namsikia: bati linainuliwa, bati linarudishwa. Pakiwa na maji anarudi anaimba. Pakiwa pakavu anashusha pumzi moja, ndefu, hata mimi naisikia hapa, na siku hiyo hali mpaka jioni. Kama vile aliyeikausha mvua ni yeye."

"Na sasa?"

"Sasa ni vilevile. Tumemzika, tumesoma arobaini, kesho yake saa tatu nasikia bati linainuliwa. Nikachungulia. Hakuna mtu. Bati likarudi. Halafu ile pumzi." Alijikumbatia. "Mwanangu, yeye alikufa kiangazi. Alipokuwa kitandani alikuwa ananiuliza kila asubuhi, leo kuna nini? Namwambia hamna. Siku ya mwisho akaniuliza, nikamwambia hamna. Akageukia ukutani. Neno la mwisho alilolisikia kwangu ni hilo. Basi nikasema, nitampa japo kikombe. Toka siku ile bati linainuliwa, linarudi, anaondoka kimya. Hashushi pumzi."

Nilitamani kumwacha hapo. Mahali pengine popote ningemwacha. Lakini nilimweleza: kikombe chake ni milimita nne, nne mara siku za mwezi ni mia na ishirini, na kwa hesabu hiyo Kwemkumbi kilihesabiwa kimepata mvua. Hakujua kusoma. Alikuwa akimwona Munira akiandika, akadhani ni kama watu wanaoweka kumbukumbu ya marehemu wao.

Alikichukua kikombe, akakitazama ndani.

"Kwa Lukasi," alisema mwishowe. "Kwa Yordani. Na mama yake Yordani. Ni kwa ajili ya kikombe hiki?"

"Na kalamu yangu, bibi. Mimi niliona, nikaogopa kusema."

Alinitazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "U mtoto mdogo," alisema, na sikujua kama ananisamehe au anashangaa.

Nilimweleza habari ya lori na saa tatu ya kesho. Nilimwomba asimimine. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama mtu anayeumwa.

"Unataka nimwambie tena hamna."

Hakuahidi kitu. Mchana Munira alielezwa yote; mzee Parsaoti naye alikuja na fimbo yake, akasikia, akasema jambo hili ni rahisi. "Nitalala mlangoni mwa ule ua. Hata mzimu haupiti."

"Wewe Parsaoti?" Bi Mwaija alimwambia akiwa ndani. "Rehani alikuwa akikufukuza hapo na ndama zako akiwa na pumu. Sasa hana pumu, ndiyo atakuogopa?"

Mzee Parsaoti alicheka mpaka akashika ukuta. Munira naye alicheka kidogo, kisha akafunga mdomo kwa kiganja. Nilipomuuliza kama tufiche faneli au tufunge ua, alikataa.

"Mama yangu si mbuzi wa kufungiwa," alisema. "Na kipimo ulichokifunga ili kikupe ukitakacho, hicho ni nini, dada? Kesho nitaandika nitakachokikuta. Kikiwa na maji nitaandika maji."

"Hata lori likiondoka?"

"Hata likiondoka. Nitaandika, halafu nitalia."

Jumatatu, saa mbili na nusu, tulisikia lori kabla hatujaliona. Watu waliobaki kijijini walitoka: wazee, akina mama wachache, watoto ambao hawakukimbia kama watoto wanavyokimbilia lori. Walisimama tu. Bwana Mustafa alishuka, akasalimia kila mtu, akatazama saa yake. Juu ya magunia walikaa wapakuzi wawili, wakingoja kuambiwa washushe au washike kamba. Mpaka saa ile kikombe kilikuwa hakijatoka jikoni. Nilikuwa nimekilinda kwa macho tangu alfajiri.

Kisha Bi Mwaija akatoka nacho. Kilikuwa kimejaa.

Alipita katikati ya watu, na wao wakampisha bila kujua wanampisha kwenda wapi. Munira alikuwa amesimama mlangoni mwa ua na kadi yake. Alimwona mama yake, akaona kikombe, akasogea pembeni. Hakumzuia.

"Grasiana," Bwana Mustafa aliniita. "Yule bibi anafanya nini?"

Ningeweza kumshika mkono yule bibi. Watu wote wangeniona nikimnyang'anya mjane kikombe, na pengine wangenishukuru baadaye. Miguu yangu ilikwenda, lakini mikono sikuinyoosha. Niliingia ndani ya ua nikasimama ubavuni kwake, macho ya kijiji kizima yakiwa mgongoni mwangu.

"Bibi," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Leo hutamwambia peke yako."

Kikombe kilikuwa juu ya faneli. Maji yalikuwa yakitetemeka ukingoni. Nilihesabu pumzi zake, tatu, nne.

Alikirudisha kifuani.

"Baba Munira," alisema, kwa Kizigua, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili. "Ni mimi. Leo hamna. Jana pia hapakuwa na kitu, nilikuficha. Hamna, tangu ulipoondoka hamna, na watu wanakufa. Waache waandike."

Kisha akainua kikombe, akanywa maji yote yeye mwenyewe, polepole, mpaka tone la mwisho.

Mkono wake wa kushoto ulinishika kiganja. Ndipo nilipousikia ule mlio. Bati juu ya bati. Faneli ilikuwa mbele yangu, karibu na magoti, haikusogea hata unywele, na hapakuwa na upepo wa kutikisa jani. Lakini nilisikia inainuliwa, taratibu, kama afanyavyo mtu makini asiyependa kumwaga hata tone. Kikapita kitambo kirefu, kile cha kutazama ndani. Kisha nikasikia inarudishwa.

"Saa tatu kamili," alisema Bwana Mustafa nyuma yetu. Hakuwa amesikia kitu. "Haya, binti, soma."

Munira alipiga magoti, akainua faneli, akatoa chupa. Aliipindua juu ya kioo na kusubiri, kwa haki kabisa, kama lingetoka tone lolote. Halikutoka. Akamwonyesha Bwana Mustafa kioo, akamwonyesha mzee Parsaoti, kisha akaweka kadi kwenye goti lake akaandika.

"Umeandika nini?" mtu mmoja aliuliza.

"Sifuri."

Bwana Mustafa alichukua kadi, akatia sahihi yake chini ya ile ya Munira, akageuka akapunga mkono. Gunia la kwanza lilianguka chini kwa kishindo, vumbi likapanda, na mama mmoja akaanza kupiga vigelegele peke yake, sauti ikimkatika. Mzee Parsaoti alikuwa akiwaambia wapakuzi wawe taratibu, hayo ni mahindi, si mawe ya barabara ya Korogwe. Watu wakaliendea lori, mmoja mmoja, halafu wote.

Sisi wawili tulibaki ndani ya ua. Nilijaribu kuuachia mkono wa Bi Mwaija ili nikamsaidie Munira kuita majina, lakini alinishika kwa nguvu zaidi. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio likiwa limeelekea kwenye kopo. Magunia yaliendelea kuanguka nyuma yetu, na katika kila kimya cha kati ya gunia na gunia, vidole vyake vilibana.

"Bado hajapumua," aliniambia.

Nikainama karibu naye, tukasikiliza.